Sugu

Kaka yangu ana sugu begani. Iko upande wa kulia, pale shingo inapokutana na bega, na ukiigusa ni ngumu kama kisigino. Aliipata Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alikobeba magunia ya dagaa kutoka kwenye maboti hadi kwenye malori kwa miaka tisa. Alianza akiwa kidato cha pili, mwaka ambao baba alifariki na mama akapiga hesabu usiku kucha akaona ada inatosha mtoto mmoja. Hiyo ilikuwa kabla ada ya sekondari za serikali haijafutwa. Mtoto huyo mmoja nilikuwa mimi.

Mwezi Julai ukoo ulikaa kikao kwa simu. Mimi ndiye katibu, kwa sababu ndiye niliyesoma. Katika familia yetu aliyesoma hupewa kalamu hata kama hana la kusema. Baba mdogo, mwenyekiti, alisoma mashtaka. Kaka ameuza mabati manne ambayo mama aliyanunua kwa ajili ya jiko. Kabla ya hapo alichukua baiskeli ya jirani, na kabla ya baiskeli, simu ya mama. Kisha baba mdogo akaniambia kwa sauti ya kuamrisha kidogo, kama anayesomea imla: "Andika, mwanangu. Kwa kuwa kijana huyu ni mhalifu sugu, jina lake liondolewe kwenye mgawo wa kiwanja cha marehemu."

Niliandika "kwa kuwa kijana huyu ni mhalifu", nikafika hapo, nikakwama. Nikadanganya kwamba mtandao unasumbua, nikaomba niwatumie muhtasari baada ya siku tatu.

Sikukwama kwa sababu mashtaka yalikuwa ya uongo. Yalikuwa ya kweli. Nilikwama kwenye neno moja, kwa sababu nililijua kwa maana mbili, na maana ya kwanza nilikuwa nimeigusa kwa vidole vyangu. Na kwa sababu zamani kidogo, darasani, nilikutana na neno jingine lililopita njia hiyohiyo.

*

Nilisoma Kigiriki cha kale kwa miaka miwili chuoni. Sikuwa na sababu ya maana. Kozi niliyoitaka ilikuwa imejaa. Tulianza kumi na wawili tukamaliza watano. Mengi nimesahau, lakini kuna kivumishi kimoja ambacho hakijaniacha: ponēros.

Kwa sarufi ni kivumishi cha kawaida kabisa. Ukikiambatanisha na nomino ya kiume kinakuwa ponēros, na ya kike ponēra, na ile isiyo ya kiume wala ya kike ponēron. Kwa sisi tuliokulia kwenye ngeli, hilo halitishi. Anayeweza kusema mwovu, waovu, kiovu na maovu bila kufikiri hawezi kuogopa jinsia tatu. Ukitaka kulinganisha unasema ponēroteros, aliyezidi; ukitaka kufika kileleni, ponērotatos, aliyewazidi wote.

Ugumu uko kwenye maana. Shina lake ni ponos: kazi ya kuvunja mgongo, taabu, jasho. Kwenye ukoo huohuo wamo penēs, maskini anayeishi kwa kufanya kazi, na penia, umaskini wenyewe. Kwa hiyo ponēros, ukiifungua kama mtu anavyofungua kifurushi, ni mtu aliyejaa taabu, aliyelemewa. Lakini fungua kamusi yoyote ya Kigiriki cha kale usome hadi chini. Kwanza: aliyelemewa na taabu. Kisha: aliye katika hali mbaya. Kisha: kibovu, kisichofaa. Na mwisho: mwovu, mtu wa tabia chafu. Hii ya mwisho ndiyo iliyoshinda. Ndiyo utakayokutana nayo kila ukurasa.

Nilimuuliza mwalimu neno lilitokaje kule likafika huku. Alivua miwani, akasema, "Hilo si swali la sarufi," akaendelea na somo.

*

Nimejaribu kulijibu mwenyewe, na mahali pa kuanzia ni kwa Heracles. Katika kipande cha utenzi wa kale kinachohusishwa na Hesiod, shujaa huyu anaitwa kwa kivumishi chetu katika daraja lake la juu kabisa, ponērotatos, na papo hapo anaitwa mbora kuliko wote. Msomaji wa karne za baadaye angeshtuka: mtu mmoja anakuwaje mwovu kupindukia na bora kupindukia katika pumzi moja? Lakini aliyetunga hakuona mgongano wowote. Heracles alibebeshwa kazi kumi na mbili na mfalme aliyekuwa duni kwake. Alikuwa mwenye taabu kuliko wote, na alikuwa bora. Wakati huo maneno hayo mawili yaliweza kukaa kwenye mkeka mmoja.

Baadaye yakashindwa kukaa. Wanasarufi wa kale wanasimulia kwamba watu wa Athens walijaribu kuzitenganisha maana hizo mbili kwa mkazo wa sauti. Ukipandisha sauti mwanzoni, pónēros, umesema mtu aliyelemewa na taabu. Ukiipandisha mwishoni, ponērós, umesema mtu mwovu. Herufi zilezile kwa mpangilio uleule. Sisi tunalijua jambo hili kwa uchache: barabára unapita na gari, barábara ni jambo lililofanyika sawasawa. Ndugu wa neno hili, mochthēros, linalotokana na mochthos, yaani taabu pia, lilipita njia ileile na wanasarufi walilipa dawa ileile ya mkazo.

Kinachonisumbua ni hiki: katika karne ya tano na ya nne KK Wagiriki hawakuandika alama za mkazo. Alama hizo zinahusishwa na wasomi wa Alexandria waliokuja baadaye, kama miaka 200 kabla ya Kristo. Kwa hiyo tofauti kati ya mtu mwenye taabu na mtu mwovu ilikuwa mdomoni tu. Ilitegemea anayesema, na ilimhitaji anayesikia awe karibu. Ukishaiweka kwenye maandishi, inapotea. Kinachobaki kwenye karatasi ni neno moja, na anayesoma anachagua maana anayoipenda.

Nilikuwa na karatasi mbele yangu, na wajumbe wa ukoo wasiojua sauti yangu ingepanda wapi.

*

Yupo Mwathene mmoja wa karne ya tano KK aliyeacha kijitabu kifupi kuhusu utawala wa mji wake. Zamani kilidhaniwa ni cha Xenophon. Leo jina la mwandishi halijulikani na wasomi wengi wanamwita tu kwa tabia yake, mzee mpenda utawala wa wachache. Yeye anawagawa raia wa Athens mafungu mawili. Wenye mali na nasaba anawaita chrēstoi, watu wa kufaa. Watu wa kawaida anawaita ponēroi. Hatumii neno hilo kama tusi la hasira. Analitumia kama mtu anayetaja kabila. Na anatoa sababu: umaskini ndio unaowasukuma kwenye mambo ya aibu, pamoja na kukosa elimu.

Lakini ni mkweli kwa namna yake. Mwanzoni kabisa anakiri kwamba ni haki maskini wapate sauti kubwa katika mji ule, kwa kuwa wao ndio wanaoendesha meli, na meli ndizo zinazoupa mji nguvu. Meli moja ya vita ilikuwa na wapiga makasia 170. Katika tamthilia ya Vyura, iliyochezwa mwaka 405 KK, Aristophanes anamweka mungu Dionysus kwenye kasia, na baada ya muda mfupi mungu analalamika malengelenge. Watazamaji walicheka kwa sababu wengi wao walikuwa na mikono iliyokwisha kupita malengelenge zamani. Mikono yao ilikuwa na sugu.

Kwa hiyo mwandishi yule anajua vyema ni bega la nani linabeba mji. Anajua, na bado anawaita ponēroi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba neno halikuhama kwa bahati mbaya. Lilihamishwa na watu walioona alama za kazi kwenye mwili wa mtu wakazisoma kama alama za moyo wake.

Tena si kwamba Wagiriki waliichukia taabu. Nomino yenyewe, ponos, ilibaki na heshima zake. Mwanariadha alisifiwa kwa ponos, mwanajeshi vilevile. Antisthenes, mwanafunzi wa Socrates, alifundisha kwamba taabu ni jambo jema, akamtaja Heracles kuwa ushahidi. Taabu ikasifiwa, mwenye taabu akatukanwa. Inawezekanaje?

Nadhani jibu liko kwenye nani alichagua. Taabu uliyoichagua inaitwa nidhamu. Taabu uliyotupiwa inaitwa hali yako, na hali ikikaa miaka mingi watu wanaiita tabia. Sisi pia tuko hivyo. Kijana anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kukimbia anapiga picha viatu vyake na watu mia tatu wanamwandikia "mpambanaji". Mama anayeamka saa kumi hiyohiyo kukanda unga wa maandazi hapigwi picha. Akichelewa kurudisha mkopo wa kikundi, anaitwa mdaiwa sugu.

*

Msidhani jambo hili ni la Wagiriki peke yao. Waitaliano wanasema cattivo kwa mtu mbaya. Neno hilo lilianza kama la Kilatini la mateka. Wafaransa wanasema méchant kwa mtu mwovu. Hapo zamani lilikuwa mtu aliyeangukiwa na bahati mbaya. Villain wa Waingereza, yule mbaya wa kila filamu, alianza kama mkulima wa shamba la bwana.

Na sisi tuna mhuni. Kamusi za zamani za Kiswahili zinamweleza kuwa mtu wa kutangatanga, asiye na makao wala kazi inayotambulika, pengine asiye na mke. Wakati wa ukoloni, wahuni wa Dar es Salaam walikuwa vijana waliokuja mjini kutafuta kazi wakaikosa. Walikamatwa wakarudishwa vijijini. Uhuru ulipokuja msamiati haukubadilika sana: mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi iliwasomba tena wasio na kazi. Leo ukisema mhuni, hakuna anayemwona kijana anayetafuta kazi. Anamwona mtu wa kumfungia mlango.

Na tuna sugu. Kwanza ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa na kazi. Kisha ni mtu aliyekakamaa katika ubaya, asiyesikia dawa wala fimbo. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Lakini mtu wa kwanza kumwita mwizi sugu alikuwa, bila shaka, ameona mabega ya makuli na mikono ya wakulima.

*

Hapa ningeweza kuishia, nikaandika muhtasari wa kumtetea kaka, nikajiona mwema. Usiku wa kwanza niliandika hivyo hasa. Niliandika kwamba taabu ndiyo iliyomfikisha hapa, kwamba magunia ndiyo yaliyomfundisha pombe, na pombe ndiyo iliyouza mabati. Asubuhi niliposoma, nilimsikia yule Mwathene. Umaskini ndio unaowasukuma kwenye mambo ya aibu. Nilikuwa nimeandika sentensi yake kwa mwandiko wangu, tofauti ikiwa moja tu: yeye aliisema kwa dharau, mimi kwa huruma.

Hilo lilinishtua kuliko neno la baba mdogo. Maana Mwaloni wapo wanaume wenye sugu kama ya kaka, wengine kubwa zaidi, waliosomesha watoto hadi chuo na hawajawahi kugusa bati la mtu. Nikisema magunia humfanya mtu mwizi, nimewatukana wote hao. Na mama yangu, aliyeuza sato wa kukaanga barabarani kwa miaka kumi na minne, viganja vyake vimejaa alama za mafuta ya moto. Yeye ndiye aliyeibiwa. Kama taabu huzaa uovu, basi mama alipaswa kuwa mwovu kuliko sote.

Katika tamthilia nyingine ya Aristophanes, Ploutos, ya mwaka 388 KK, Penia mwenyewe, Umaskini, anaingia jukwaani kama mwanamke na kujitetea. Anasema watu wanamchanganya na uombaombaji. Maisha ya omba ni kutokuwa na kitu. Maisha ya maskini ni kubana na kufanya kazi, bila cha ziada, lakini bila kupungukiwa. Sikubaliani naye katika yote. Ni rahisi kuusifu umaskini ukiwa mhusika wa tamthilia. Lakini nakubaliana naye kwamba hali ya mtu haitoshi kukuambia ni mtu wa namna gani, iwe unataka kumlaani au kumwonea huruma.

Aristotle naye aligombana na neno hili. Kulikuwa na msemo wa zamani uliodai kwamba hakuna mtu aliye ponēros kwa kupenda. Katika kitabu cha tatu cha Maadili yake kwa Nicomachus anaupinga. Anasema uovu uko mikononi mwetu. Kama matendo mema ni yetu, basi na mabaya ni yetu. Lakini usome msemo uleule kwa maana ya zamani: hakuna mtu aliyelemewa na taabu kwa kupenda. Hapo hauna ubishi hata kidogo. Msemo mmoja, neno moja, na kwa maana moja ni kweli tupu, kwa maana nyingine ni jambo ambalo mwanafalsafa mkubwa analikataa. Mimi nilitaka zote mbili ziwe kweli kwa pamoja. Kaka hakuchagua gunia. Mabati aliyachagua.

Nilipofika hapo nikaona kosa langu na la baba mdogo ni moja. Sote tulitaka neno moja libebe vitu viwili. Yeye alitaka sugu ya matendo ifute sugu ya begani. Mimi nilitaka ya begani ifute ya matendo.

*

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu maumbo ya kivumishi hiki, na Wakristo wa Kiswahili wanalitamka kila siku bila kujua. Mwishoni mwa Baba Yetu, katika Kigiriki cha Injili ya Mathayo, neno ni ponērou. Katika umbo hilo jinsia ya kiume na ile isiyo ya kiume wala ya kike hufanana kabisa. Haiwezekani kujua kwa sarufi peke yake kama tunaomba kuokolewa na mtu au na jambo. Kiswahili hakiruhusu utata huo. Ngeli zinakudai uamue. Ndiyo maana Wakatoliki husema maovuni, na Biblia ambayo Waprotestanti wengi huisoma ikaandika yule mwovu. Sala moja, na tumegawanyika kati ya ma- na m-.

Nililikumbuka hilo usiku wa tatu, kalamu mkononi. Lugha yangu ilikuwa inanidai jambo lilelile. Je, naandika M-, mtu, au naandika ma-, mambo?

Niliandika mambo. Niliandika kwamba mwaka fulani alichukua simu ya mama. Mwaka uliofuata baiskeli ya jirani. Na mwaka huu mabati manne ya jiko. Nikaandika bei ya bati moja. Nikaandika kwamba kikao kinamtaka alipe, na kwamba asipolipa kabla ya Desemba gharama itakatwa kwenye sehemu yake ya kiwanja. Nikaandika pia, katika mstari wake peke yake, kwamba aliacha shule kidato cha pili ili ada ilipwe ya mtoto mwingine, na kwamba mtoto huyo ndiye katibu wa kikao hiki. Neno sugu sikuliandika popote.

Baba mdogo hakufurahi. Alinipigia akasema muhtasari si hadithi, na kwamba katibu anaandika alichosikia. Nilimwambia, "Shikamoo, baba," nikanyamaza, kwa sababu kwa sehemu alikuwa sahihi. Wengine walikubali kimyakimya, au walichoka. Mama hakusema kitu kuhusu muhtasari. Aliuliza tu kama mvua za vuli zitawahi.

Kaka nilimtumia nakala kwenye simu ya kinyozi anayemfahamu. Nilitegemea atashukuru, au atatukana. Alinipigia siku ya pili jioni, nyuma yake nikisikia injini ya boti.

"Nimesomewa," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Umekosea mahali."

Moyo ulinipasuka. Nikafikiri anazungumzia ule mstari wa ada, kwamba nimemwaibisha kwa kumtaja.

"Mabati," akasema. "Hayakuwa manne, mdogo wangu. Yalikuwa matano. Moja mama hakulihesabu."

Nikafungua kompyuta, nikafuta manne, nikaandika matano.